Magonjwa ya Pikapu Kuukuu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Hilux za Dizeli

Majibu haya yanahusu Toyota Hilux za dizeli zenye injini za 2L, 3L na 5L, zile ambazo bado zinabeba mkaa, nyanya, saruji na watu katika kila kona ya Afrika Mashariki. Nyingi kati yake hazina kompyuta ya injini. Faida yake ni kwamba karibu kila ugonjwa wake unaonekana, unasikika au unanukia kabla bolti hata moja haijafunguliwa. Pesa nyingi za wenye pikapu hizi hupotea kwa sababu spea hununuliwa kabla ugonjwa haujajulikana.

## Kabla ya kushika spana

Nataka kununua, au nimeshanunua, pikapu ya zamani. Nianze kuangalia wapi?

Anza asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Injini ya dizeli iliyochoka huficha mengi ikishapata moto. Ukifika kwa muuzaji ukagusa boneti ukakuta ina joto, omba urudi kesho yake na umwambie asiiwashe kabla hujafika. Akikataa, hilo nalo ni jibu.

Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta. Maji yawe yamejaa na yawe safi au yenye rangi ya kulanti. Yakiwa na utandu wa mafuta juu yake, soma sehemu ya kuchemsha kabla hujatoa hata senti. Kisha chomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi ni kawaida kwa dizeli, hata wiki moja tu baada ya sevisi, lakini oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji. Baada ya hapo lala chini ya gari na tochi, utazame matone yanatokea wapi. Ndipo uiwashe, huku mtu mwingine amesimama nyuma akiangalia eksozi.

Usisahau karatasi. Namba ya chesisi imegongwa kwenye fremu yenyewe, upande wa mbele kulia karibu na gurudumu. Isugue uione, uilinganishe na kadi ya gari au logbuku. Linganisha na namba ya injini pia, maana pikapu nyingi za umri huu zimeshabadilishwa injini na wengine hawakwenda kusajili mabadiliko hayo.

Kilomita kwenye dashibodi ni chache sana. Niziamini?

Hapana. Angalia vitu vinavyolika kwa mguu na mkono: raba ya pedali ya klachi, usukani, kiti cha dereva, bawaba za mlango. Pedali iliyolika hadi chuma haiendani na kilomita 90,000.

Injini za 2L, 3L na 5L zinatofautianaje?

Kwa ukubwa hasa. 2L ina sisi (cc) 2,446, 3L ina sisi 2,779 na 5L ina sisi 2,986. Dalili za magonjwa yake hufanana. Inayostahili tahadhari ya pekee ni 2L-T, yenye turbo, kwa sababu hedi yake (kichwa cha injini) inajulikana kwa kupata nyufa ikichemshwa.

Mkanda wa taimingi niubadilishe lini?

Kila kilomita 100,000. Gari nyingi za aina hii zina taa ya T-BELT kwenye dashibodi inayowaka muda huo ukifika, lakini taa hiyo inaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa. Kama hujui ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa. Mkanda ukikatika injini ikiwa inazunguka, pistoni hukutana na valvu, na gharama yake huzidi bei ya mkanda mara nyingi mno. Badilisha pamoja na beringi yake ya kukazia. Hii ndiyo kazi pekee ninayosema ifanywe bila kusubiri dalili.

## Haiwaki, au inawaka kwa shida

Nikizungusha ufunguo nasikia "ta!" moja tu, stata haizunguki. Betri imekufa?

Huenda, ila usinunue betri kwa sababu ya mlio. Washa taa kubwa, kisha jaribu stata. Taa zikififia kabisa, tatizo ni betri au vichwa vyake vilivyoota chumvi. Zikibaki na mwanga wake na stata ikagoma, umeme upo ila haupiti ndani ya stata. Kwenye stata hizi mara nyingi sana kilicholika ni vipande viwili vya shaba vinavyogusana ndani ya swichi ya stata. Fundi umeme hubadilisha vipande hivyo kwa bei ndogo, na stata nzima haina haja ya kununuliwa.

Ukiwa na mita, betri iliyopumzika isome karibu volti 12.6. Wakati stata inazungusha isishuke chini ya 9.6. Injini ikiwaka, usomaji uwe kati ya 13.8 na 14.4. Ukiwa chini ya hapo, alteneta haichaji, na hata betri mpya itakufa.

Asubuhi inazungushwa mpaka betri inachoka, lakini ikishawaka inakwenda siku nzima. Shida nini?

Kuna watuhumiwa watatu, na moshi ndio unaowatenganisha.

Ukizungusha na moshi mweupe unatoka eksozi, dizeli inafika kwenye silinda ila haiungui. Anza na plagi za kupasha moto. Taa yenye alama ya koili kwenye dashibodi inaonyesha muda wa kusubiri tu. Inaweza kuwaka na kuzima vizuri wakati plagi zote nne zimekufa. Ondoa kipande cha chuma kinachoziunganisha, kisha chukua balbu ndogo, waya wake mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine uguse kichwa cha kila plagi. Balbu ikiwaka, plagi hiyo ni nzima. Isipowaka, imekatika. Kama zote ni nzima, pima kama umeme unafika pale ufunguo ukiwashwa, kwa sababu rilei yake nayo hufa.

Ukizungusha na hakuna moshi wowote, dizeli haifiki. Sababu ya kawaida ni hewa inayoingia kwenye njia ya mafuta usiku, dizeli ikarudi tangini. Juu ya filta ya dizeli kuna pampu ya mkono. Ibonyeze kabla ya kuwasha. Ikiwa laini na tupu kwa mibonyezo mingi, kisha ikakaza na gari likawaka mara moja, umeupata ugonjwa. Tafuta hozi iliyopasuka, klipu iliyolegea, au raba ya pampu hiyohiyo ya mkono.

Kama plagi ni nzima na mafuta yanafika, mtuhumiwa wa tatu ni kompresheni, yaani jinsi silinda inavyokandamiza hewa. Soma swali la ova holi (kufungua na kujenga upya injini nzima) hapo chini.

Ilikuwa inakwenda vizuri ikazima ghafla, sasa hata dalili ya kuwaka haina. Nifanye nini barabarani?

Zungusha ufunguo hadi ON bila kuwasha, msaidizi asikilize kwenye pampu ya dizeli. Panapaswa kusikika mlio mdogo wa swichi inayofungua mafuta. Usiposikika, angalia fyuzi na waya wa swichi hiyo. Ukisikika, toa maji chini ya filta kwa kulegeza kidude chake cha chini, kisha pampu kwa mkono. Dizeli ya kununua kwenye madumu vijijini mara nyingi huja na maji.

Kabla ya kuendelea kuzungusha stata, fungua mfuniko wa kumiminia oili utazame ndani wakati mtu anazungusha kidogo tu. Kama shafti ya juu haizunguki, mkanda wa taimingi umekatika. Acha hapohapo, tafuta gari la kuvuta.

## Moshi

Moshi mweusi ukipanda mlima: nozeli au pampu?

Kwanza filta ya hewa. Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa, na hewa ndiyo rahisi kuiangalia. Kwa gari la barabara za vumbi, filta huziba muda mrefu kabla ya tarehe ya sevisi. Itoe, ishike kuelekea jua. Usipoona mwanga unapita, ibadilishe. Ndipo uende kwenye nozeli, ambazo hupimwa kwa mashine kuona kama zinapuliza ukungu au zinadondosha matone. Mara nyingine mwenye gari wa kwanza alimwambia fundi "aongeze mafuta" kwenye pampu ili gari lipate nguvu. Nguvu hiyo hulipwa kwa joto la pistoni.

Moshi mweupe hauishi hata injini ikipata moto. Ni nini?

Nusa. Moshi ukiwasha macho na ukanuka dizeli, kuna silinda isiyounguza vizuri: nozeli mbovu, taimingi ya pampu iliyochelewa au kompresheni ndogo. Ukiwa mzito kama mvuke, wenye harufu tamu, na maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja nje, maji yanaingia kwenye silinda. Nenda sehemu ya kuchemsha. Moshi mweupe wa dakika chache asubuhi ya baridi, Njombe au Limuru, si ugonjwa.

Moshi wa bluu na inakula oili. Tayari imekufa?

Moshi wa bluu ni oili inayoungua, lakini wakati unapotoka una maana. Ukitoka kwa wingi ukiwasha tu, kisha ukapungua, shuku sili za valvu. Kazi hiyo ni ndogo. Ukitoka muda wote na kuongezeka gari likibebeshwa, shuku ringi za pistoni na silinda.

Fundi ameona moshi akasema "ifanyiwe ova holi". Nikubali?

Usikubali kabla ya vipimo viwili.

Cha kwanza ni bure. Injini ikiwa ya moto na inanguruma polepole, legeza mfuniko wa kumiminia oili uuache umekaa juu ya tundu. Ukitikisika kidogo, ni kawaida kwa umri huu. Ukirushwa, na moshi ukatoka kwa kishindo, presha ya silinda inapita kwenye ringi.

Cha pili ni kupima kompresheni kwa geji ya dizeli. Geji ya petroli haifai. Kwa injini hizi, kiwango cha chini ni karibu 20 kg/cm², na tofauti kati ya silinda moja na nyingine isizidi 5. Andika namba za silinda zote nne. Silinda tatu zikisoma vizuri na moja ikawa chini, huna injini iliyochoka, una silinda moja yenye tatizo, na mara nyingi ni valvu. Nimeona injini zikifunguliwa zote kwa ugonjwa wa nozeli moja, zikafungwa tena bila vipimo, na hazikurudi kuwa kama zilivyotoka kiwandani. Fundi mzuri hakasiriki ukimwomba namba.

Injini inamisi. Nitajuaje ni silinda ipi?

Injini ikinguruma, legeza nati ya bomba la nozeli moja kwa spana, kiasi cha kudondosha tu, kisha ikaze uende nyingine. Ukilegeza nozeli ya silinda nzima, injini itabadilika na kutetemeka zaidi. Ukilegeza na hakuna kilichobadilika, silinda hiyo ndiyo haifanyi kazi. Funika nati kwa kitambaa na usiweke mkono mbele ya bomba: dizeli ya presha hupenya ngozi, na jeraha lake ni la kukimbizwa hospitali hata likionekana dogo.

## Kuchemsha

Inachemsha kwenye foleni lakini barabara kuu haina shida.

Hewa haipiti ya kutosha gari likiwa taratibu. Feni ya injini hizi ina klachi ya silikoni katikati. Injini ikiwa imezimwa na ina moto, izungushe feni kwa mkono: ikizunguka ovyo bila ukinzani, silikoni imeisha. Angalia pia matope na nyasi kati ya mapezi ya rejeta.

Inachemsha ikibeba mzigo au ikipanda mlima.

Hapa maji ndiyo hayapiti ya kutosha. Rejeta iliyoziba ndani ndiyo ya kwanza, hasa kwa gari lililonyweshwa maji ya visima vya pwani miaka mingi. Pitisha mkono juu ya rejeta baada ya kuzima; sehemu zilizo baridi katikati ya moto zimeziba. Fuata termostati, pampu ya maji na mfuniko wa rejeta wenyewe, ambao springi yake ikichoka maji huchemka mapema.

Mafundi wengi huondoa termostati wakisema "hali yetu ya hewa haihitaji". Ni sawa?

Si sawa. Katika injini nyingi za Toyota termostati ina kazi mbili: inafungua njia ya kwenda rejeta na wakati huohuo inafunga njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiiondoa, sehemu ya maji ya moto huzunguka bila kufika rejeta. Wakati wa kawaida injini hukaa baridi na kula mafuta, na siku ya mlima na mzigo huchemsha. Ukinunua pikapu, hakikisha termostati ipo. Isipokuwapo, jiulize mwenye gari wa zamani alikuwa anaficha nini.

Nitajuaje kama gasketi ya hedi imekwenda?

Injini baridi, fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji, washa. Mapovu yanayotoka mfululizo ni gesi ya silinda inayoingia kwenye maji. Dalili ya pili: hozi ya juu inakuwa ngumu dakika moja au mbili baada ya kuwasha, maji yakiwa bado baridi. Ya tatu ni oili ya chai ya maziwa. Hedi ikifunguliwa, ipelekwe kupimwa nyufa na kunyooka kabla ya kununua gasketi.

Usifungue kamwe mfuniko wa rejeta ya moto. Watu wameungua uso kwa haraka ya dakika kumi.

## Klachi, gia na difu

Injini inapiga kelele lakini gari haliongezi mwendo. Klachi imeisha?

Simama mahali tambarare, vuta handibreki, weka gia ya nne, kanyaga mafuta kidogo na uachie klachi. Injini ikizima papo hapo, klachi inashika. Ikiendelea kunguruma, klachi pleti imekwisha, au imelowa oili kutoka sili ya nyuma ya injini. Wakishusha giaboksi, kagua sili hiyo, vinginevyo pleti mpya italowa pia.

Kuna mlio ambao hubadilika nikikanyaga klachi.

Mlio ukija unapokanyaga, ni beringi ya klachi. Mlio ukiwapo gia ikiwa huru na kupotea unapokanyaga, ni beringi ya shafti ya mbele ya giaboksi. Gia zikikwaruza, hasa rivasi, angalia kwanza kama pampu za klachi, ya juu na ya chini, hazivuji.

Nikianza kuondoka kuna "kang!" chini ya gari.

Krosi za propela. Shika propela kwa mikono miwili, gari likiwa limezuiwa magurudumu, uizungushe huku na huku. Mtetemo unaokuja kwa mwendo fulani ukatoka ukipita hapo huelekeza kwenye propela au beringi yake ya katikati. Mvumo wa difu ni tofauti: huimba ukikanyaga mafuta na hubadili sauti ukiachia.

Nikiweka 4WD kwenye lami gari linakuwa zito na linavuta kona. Difu ya mbele ni mbovu?

Hapana. Mfumo huu hauna difu ya katikati, kwa hiyo kwenye lami kavu ekseli mbili hugombana kila unapokata kona. Tumia 4WD kwenye matope na mchanga tu. Lakini ukisikia "ta-ta-ta" gurudumuni ukikata kona kali na 4WD ikiwa imewekwa, jointi ya ekseli ya mbele imelika. Kwa zenye ekseli nzima ya mbele, kama modeli ya LN106, grisi nyembamba inayochuruzika nyuma ya gurudumu ni oili ya difu iliyovuka sili ya ndani na kuchanganyika na grisi.

## Breki na fremu

Pedali ya breki imekuwa ngumu kama jiwe.

Injini ya dizeli haina mvuto wa hewa wa kusaidia breki kama petroli, kwa hiyo ina pampu ya vakyumu, iliyofungwa nyuma ya alteneta. Zima injini, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu, ishikilie, kisha washa. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, mfumo uko sawa. Isiposhuka, kagua hozi ya vakyumu, kisha pampu hiyo, kisha busta. Pampu hulainishwa na oili ya injini, hivyo oili inayolowesha nyuma ya alteneta mara nyingi hutoka hapo.

Pedali inayozama taratibu ukiikanyaga na kuishikilia, bila breki fluidi kuvuja nje, ni masta silinda. Usiendeshe.

Fremu naikaguaje?

Kwa nyundo ndogo na tochi. Gonga kuanzia nyuma: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu. Zingatia sehemu inayopita juu ya ekseli ya nyuma, mashikio ya springi, na nyuma ya kabini. Gari lililokaa Tanga, Mombasa au Unguja huoza kwa chumvi ya bahari, na lililobeba mzigo kupita kiasi hupasuka karibu na springi. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini pekee, juu ikiwa ya zamani, ni sababu ya kugonga mara mbili. Injini inabadilishwa, fremu iliyooza ndiyo hunifanya nimwambie mtu asinunue.

## Hali zisizo za kawaida

Oili inaongezeka badala ya kupungua. Inawezekanaje?

Ama maji, ambayo yangeonekana kwa rangi, ama dizeli. Inuse. Dizeli huingia ndani kupitia nozeli inayodondosha. Usisubiri: oili iliyochanganyika na dizeli hailindi beringi.

Vipimo hivi vinafaa kwa Hilux mpya zaidi, za Vigo na D-4D?

Vya klachi, breki, difu na fremu, ndiyo. Kulegeza bomba za nozeli, usifanye kabisa: presha ya mfumo huo hupita bar 1,000 na inaweza kukata mwili. Gari hizo hupimwa kwa mashine ya kusoma hitilafu.

Injini ilipandisha mzunguko yenyewe ikakataa kuzima hata nilipotoa ufunguo.

Injini ilikuwa inaungua oili yake yenyewe, kwa hiyo kukata dizeli hakukuwa na maana kwake. Hutokea kwa 2L-T yenye sili mbovu za turbo, kwa injini iliyojazwa oili kupita alama, au kwa ringi zilizokwisha kabisa. Ikitokea ukiwa ndani, kanyaga breki kwa nguvu zote, weka gia ya juu kabisa na uachie klachi ili injini izimike kwa mzigo. Ukiwa nje, ziba mdomo wa hewa kwa ubao au kitu kipana kigumu, si kwa mkono wala kitambaa, maana vitavutwa. Ikishindikana, kaeni mbali na boneti.

Kabla ya kuiwasha tena, pima oili, punguza iliyozidi, kisha fungua bomba la hewa kati ya filta na injini ulipanguse ndani kwa kidole. Ukikuta dimbwi la oili humo, isiwashwe hadi ijulikane imetoka wapi.